Simulesheni ya mnyororo wa damu ni kitu gani?

Mnyororo wa damu ni safari ya chupa moja kutoka kwa mchangiaji hadi kwa mgonjwa: inatolewa, inapimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, inahifadhiwa, inagawiwa hospitali. Simulesheni ni kuiiga safari hiyo yote ndani ya kompyuta, ili utaratibu mpya ujaribiwe pasipo mgonjwa kuhatarishwa.

Mbona wastani hautoshi? Tuseme hospitali ya Chake Chake, kisiwani Pemba, hutumia chupa nne kwa siku. Ukipeleka nne nne, itafika siku mzazi anavuja damu na majeruhi wa ajali wameletwa, friji haina kitu. Tena mwenye kundi O hupokea O tu. A zikijaa tele hazimfai.

Kujaza friji nako si dawa. Chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 katika nyuzi 2 mpaka 6, kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyotiwa kwenye chupa. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa kawaida ni siku 5 tu.

Basi kila chupa ndani ya programu hupewa kundi na umri. Kwa kila siku ya kuigiza, kompyuta hubahatisha kama anayerusha dadu: wamechangia wangapi, wamelazwa wagonjwa gani, boti ya Pemba imeondoka au bahari imechafuka. Miaka mingi ya namna hiyo hupita kwa dakika chache, kisha zinahesabiwa siku za upungufu na chupa zilizotupwa. Unabadilisha kanuni moja, unaiendesha tena.

Chukua Ramadhani, wachangiaji wanapopungua kwa sababu ya funga. Wazo la haraka ni kukusanya kwa wingi Shaabani. Lakini chupa ya siku 35 iliyotolewa mwezi mosi Shaabani inaisha muda siku za mwanzo za Ramadhani. Ya mwisho wa Shaabani ndiyo inayofika Idi. Na zikikusanywa kwa mkupuo, zote huzeeka kwa mkupuo. Je, kampeni igawanywe, nyingine ifanywe usiku baada ya tarawehe? Swali kama hilo ndilo la kuipa kompyuta, maana kulijaribu kwa watu ni kusubiri mwaka mzima.

Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha mwaka 2007 kazi ya aina hii, wakipima kanuni za kuagiza damu zinazopunguza upungufu na upotevu kwa pamoja.

Mimi ningeanzia kwenye daftari la damu la hospitali kabla ya kompyuta. Likiandika chupa zilizotolewa tu, bila zilizoombwa zikakosekana, programu itaamini hospitali ya Micheweni, nayo ya Pemba, haihitaji damu, na itapendekeza ipelekewe chache zaidi.