Engare Nanyuki, 1951: Kesi ya ardhi iliyofika New York

Wanafunzi wanaokuja makumbusho hapa Arusha huniambia, karibu wote, kwamba Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza. Huwa nawasimamisha hapo. Baada ya Wajerumani kushindwa vita, Waingereza walikabidhiwa nchi hii waiangalie kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mtu aliyekuwa akidaiwa kodi ya kichwa, sidhani kama aliiona tofauti. Wameru, watu wa Mlima Meru, waliiona.

Ukitoka Arusha, ukakata kushoto Usa River na kuzunguka mlima, unafika Engare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi, ilipendekeza Wameru waondolewe huko ili walowezi wapate eneo moja lisilokatizwa la kufugia ng'ombe. Wameru walipewa King'ori badala yake. Walikataa. King'ori kulikuwa na joto na ukame, tena ndwele, na wao walikuwa watu wa mlimani. Hata fidia hawakuitaka, na nadhani hapo ndipo wakuu wa serikali Bomani waliposhindwa kuwaelewa: mtu anayekataa pesa hujui umfanye nini.

Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto. Wengi wao hawakwenda King'ori. Walipanda kwa ndugu zao upande mwingine wa mlima.

Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini hawakupigana. Silaha waliyokuwa nayo ilikuwa Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayompa mkazi wa nchi ya udhamini haki ya kupeleka malalamiko yake huko moja kwa moja, bila kungoja ruhusa ya Gavana. Ng'ambo ya Namanga haki hiyo haikuwapo, kwa sababu Kenya ilikuwa koloni hasa. Huko nako watu walikuwa wakililia ardhi, na Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari.

Mwaka huohuo Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hebu fikiria safari yenyewe: mtu wa Meru anaketi mbele ya wajumbe wa mataifa kueleza habari za migomba na maboma yaliyochomwa, na serikali inayomtawala iko mezani hapohapo, inalazimika kujibu.

Je, walishinda? Hapana. Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, iliyoshughulikia nchi za udhamini, ilikuwa upande wao, ila katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili ya kura. Wapo wanaoishia hapo na kusema safari ilikuwa bure.

Mimi sikubaliani nao. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akisimulia alichokiona, na waliomsikiliza walijua sasa kwamba Gavana ana mkubwa wake, na kwamba nauli ya kumfikia huyo mkubwa inaweza kuchangwa na wakulima. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, Kirilo alijiunga nayo. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, mlango uleule waliopita Wameru, safari hii kwa ajili ya nchi nzima.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikadiria kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25. Walowezi waliiona hesabu hiyo kuwa ya haraka mno. Bendera ya Uingereza ilishushwa miaka saba baadaye.