Uyoga wa masika: utazame mpaka chini ya udongo

Kila masika yakiingia, suali tunaloletewa zaidi sisi tunaofanya kazi ya usalama wa chakula ni hili: kuna kipimo gani cha kujua kwamba uyoga una sumu? Anauliza mama aliyekuta uyoga mweupe umechomoza kwenye makumbi nyuma ya nyumba. Anauliza kijana aliyerudi konde na pakacha limejaa. Anauliza mwalimu wa skuli ambaye wanafunzi wake wameuchuma kwenye uwanja wa mpira. Jibu letu kwa wote ni moja: kipimo cha jikoni hakipo. Uyoga unatambuliwa kwa jina lake, baada ya kutazamwa mwili mzima, na asiyeutambua asiule.

Najua jibu hilo halimridhishi mtu mwenye njaa ya kitoweo, kwa sababu kila kijiji kina vipimo vyake. Wapo wanaotia kijiko cha fedha katika sufuria wakisubiri kigeuke cheusi. Fedha hugeuzwa rangi na salfa, na salfa imo hata kwenye yai la kuku. Sumu kali za uyoga hazigusi fedha hata kidogo. Wapo wanaopika pamoja na kitunguu thomu au punje za mchele, wakiamini vitabadilika rangi. Havibadiliki. Wengine hutazama kama konokono au funza wameuonja, kumbe wadudu hao hula bila kudhurika uyoga ambao mtu akiula hufa. Inasemwa pia kwamba unaoota juu ya mti ni salama wote, na kwamba ukichemsha mara mbili na kumwaga maji, sumu huondoka. Sumu inayoua zaidi haivunjwi na moto, haiondoki kwa kukaushwa juani, wala haiharibiki kwenye friza. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kipimo: mtu anakula akiwa na imani.

Sababu ya kukosekana kipimo kimoja ni rahisi. Uyoga si mmea mmoja, wala si mmea. Ni zao la viumbe vya jamii ya ukungu, ambavyo muda mwingi vinaishi kama nyuzi nyembamba ndani ya udongo, gogo au majani yanayooza, na mvua ikishalowesha chini hutoa kile tunachokiona juu. Aina za ukungu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban 150,000, na wataalamu wanakisia kwamba zote kwa jumla ni mamilioni. Zile zenye sumu hazikutokana na ukoo mmoja, na sumu zenyewe ni za namna nyingi. Moja inashambulia tumbo, nyingine ini, nyingine figo, nyingine fahamu. Hakuna kijiko kitakachozikamata zote.

Basi uyoga unatazamwaje? Kosa linalofanyika zaidi ni kuukata kwa kisu juu ya ardhi, au kuuvunja kwa vidole, na kuacha kitako chake chini. Kitako ndicho chenye habari. Ingiza kijiti au ncha ya kisu pembeni, nyanyua taratibu pamoja na udongo, kisha pangusa. Ukikuta shina limekaa ndani ya kifuko au kikombe cheupe, kama yai lililopasuka, hapo simama. Uyoga wenye kikombe chini na pete shingoni ndio sura ya aina zinazoua kuliko zote duniani. Si kila wenye kikombe ni mbaya, lakini mchumaji wa kawaida hana sababu ya kuuchukua.

Kisha geuza kofia. Chini yake mara nyingi kuna kunjo nyembamba zilizopangana, ambazo hapa nitaziita matamvua. Angalia rangi yake, na kama zimeshikana na shina au zimeachana nalo. Halafu pima rangi ya vumbi la mbegu: kata shina, laza kofia, matamvua yakiwa chini, juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bilauri, acha mpaka asubuhi. Vumbi litakuwa limeanguka na kuchora mistari ile ile ya matamvua. Linaweza kuwa jeupe, la waridi, la kahawia, jeusi au la kijani. Kazi hii haikuambii kama uyoga unalika. Inakusaidia kuutenga na ndugu zake wanaofanana nao, na mtoto wa skuli anaweza kuifanya akafurahi, mradi anawe mikono baadaye.

Rangi ya kijani inastahili maneno yake. Upo uyoga unaoota penye majani mafupi, kwenye viwanja vya mpira, bustani za mahoteli na malisho ya ng'ombe, katika nchi nyingi za joto. Wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Kofia yake ni nyeupe, ina magamba ya kahawia katikati, na ikifunguka inaweza kuwa pana kama sahani. Shina lina pete inayoweza kuteleza juu na chini. Unapendeza machoni, una nyama, na haunuki vibaya. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe kabisa. Ukikomaa huanza kuwa ya kijani, na vumbi lake ni la kijani. Anayeula hushikwa na tumbo, kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa moja mpaka tatu, na mtoto mdogo anaweza kupungukiwa na maji mwilini kwa kasi ya kutisha. Katika nchi kadhaa za joto huu ndio unaolaza watu hospitali kuliko mwingine wowote, na kisa ni uzuri wake tu.

Kwa upande wa neema, unaojulikana kote Afrika Mashariki ni uyoga wa mchwa. Mchwa hutafuna majani na miti mikavu, hujenga masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo hulima ukungu wao wa chakula. Mvua ikinyesha, ukungu huo hutoa uyoga unaopanda mpaka juu. Kwa hiyo shina lake mara nyingi halikomi kwenye uso wa ardhi, bali hushuka kama mzizi mrefu kuelekea chumba cha mchwa, na ukichimba kwa subira utaufuata. Wapo wadogo mno, kofia kama kifungo cha koti, wanaotoka kwa mamia mahali pamoja. Na kule Zambia kuna aina ambayo kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Mwingine ni mamama, unaoota kwa mafungu kwenye miti iliyokufa, kofia umbo la chaza na shina fupi la pembeni. Mwingine ni ule laini wa kahawia unaofanana na sikio, kwenye magogo yaliyolowana. Upo pia uyoga wa majani ya mpunga, migomba na makumbi yanayooza, wenye vumbi la waridi. Huu unalika na ni mtamu, lakini una kikombe chini, na ndio maana mimi binafsi simshauri anayeanza kuugusa.

Hili la kikombe liwafikie hasa jamaa zetu walioko ughaibuni. Uyoga wa makumbi na uyoga wa kifo wa Ulaya, Amanita phalloides, ukiwa mchanga hufanana sana. Tofauti kubwa ni vumbi, la huyu wa Ulaya likiwa jeupe. Huyo wa Ulaya amesafiri na miti iliyopandwa katika mabara mengine, na mwanzoni mwa mwaka 2012 watu wawili walifariki katika mji wa Canberra, Australia, baada ya kuula kwenye chakula cha mkesha wa mwaka mpya. Ujuzi wa uyoga hauhami na mtu. Aliyekulia Iringa akijua uyoga wa kwao asidhani ameujua wa Micheweni kule Pemba, na wa Micheweni naye asiwe na uhakika akifika Iringa. Vivyo hivyo picha ya simu. Tunatumiwa picha za kofia iliyopigwa kutoka juu, na programu za simu nazo hutoa jina kwa haraka, lakini picha haina kitako, haina harufu, haina vumbi. Mtu hafundishwi uyoga na picha. Anafundishwa na bibi au babu aliyeuchuma mahali pale pale kwa miaka, akiushika mkononi.

Kuhusu chombo cha kuchumia, nina ushauri unaowafaa wanaopenda kushona, kwa kuwa masika ndiyo majira ya kubaki ndani na cherehani. Uyoga ukitiwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani, na wapo wanaougua kwa kula uyoga mzuri ulioharibika njiani. Pakacha linafaa, lakini lina chumba kimoja. Chukua kanga kuukuu, kwa kuwa ni pamba na inapitisha hewa. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 80, kikunje katikati upate mfuko wa upana wa 50 na kina cha 40, shona pande mbili, kisha pitisha mshono wa katikati kutoka chini mpaka mdomoni. Umepata vyumba viwili. Mshono huo upige mara mbili. Asiye na cherehani atumie sindano ya mkono, kila pigo likirudi nyuma nusu ya lililotangulia, ili usiachie. Mdomo uukunje pindo, na mkanda wa begani utoke kwenye kanga hiyo hiyo. Chumba kimoja ni cha uyoga unaoujua, cha pili ni cha ule unaokwenda kuuulizia. Ukifika nyumbani ukakuta vimechanganyika, vipande vimevunjika na hujui kipi ni kipi, mwaga vyote. Mfuko ufuliwe kwa sabuni.

Usichume kando ya barabara kuu, jaani, wala kwenye konde lililopigwa dawa karibuni: uyoga hufyonza metali na kemikali kutoka chini. Misitu ya hifadhi kama Jozani na Ngezi ina sheria zake, na ruhusa huombwa kwanza.

Nyumbani, pika siku hiyo hiyo, na upike mpaka uive kweli, kwa tui au kwa mafuta. Hata uyoga unaolika haufai mbichi. Anayeula kwa mara ya kwanza ale kidogo. Weka uyoga mmoja mzima kando, bila kupikwa, umefungwa kwenye karatasi mahali pa baridi, mpaka siku mbili zipite. Huo ndio utakaomsaidia daktari likitokea la kutokea.

Kuhusu daktari, naomba usome kwa makini, maana hapa ndipo maisha yanapopotea. Ugonjwa unaoanza mapema, ndani ya saa mbili au tatu, unatesa, lakini mara nyingi mtu hupona akipata maji na matibabu. Wa kuogopwa zaidi ni ule unaochelewa. Sumu inayoharibu ini hukaa kimya saa 6 mpaka 24. Mtu amelala, ameamka, amesahau alichokula. Kisha huja kutapika na kuharisha, halafu hali hutulia, na familia hushukuru kwamba amepona. Wakati huo ini linaendelea kufa, na siku ya tatu macho yanakuwa ya manjano. Utulivu ule usikudanganye. Aliyekula uyoga akaanza kuumwa, apelekwe hospitali mara moja, awe Mkoani au Wete huko Pemba, au mjini, na wote waliokula naye sahani moja waende hata kama hawajasikia kitu. Chukueni mabaki ya chakula, ule uyoga wa akiba, hata matapishi. Semeni saa ya kula na saa ya kuanza kuumwa. Maziwa na madafu si dawa ya sumu hii, na mgonjwa asilazimishwe kutapika. Anayeharisha njiani anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Asiye na mwalimu wa uyoga kijijini kwake anaweza kupanda mamama mwenyewe, na kitoweo hicho hakina wasiwasi wa msituni. Mbegu anunue kwa mzalishaji anayeaminika, asiichukue porini. Majani makavu ya mpunga yakatwe vipande vifupi, yaloweke usiku kucha, yachemshwe kwenye pipa kwa saa moja au mbili, yapoe na kuchuja maji mpaka ukiyakamua mkononi yatoe matone tu. Yapangwe kwenye mifuko, tabaka la majani na tabaka la mbegu, na mifuko ikae chumba chenye giza kwa muda wa wiki tatu hivi, mpaka majani yote yawe meupe. Hapo toboa, nyunyizia maji mara mbili au tatu kwa siku, na uyoga utatoka. Uchume kwa kuzungusha fungu zima kabla ncha za kofia hazijakunjuka kuelekea juu, kwani zikishakunjuka vumbi la mbegu huanza kujaa chumbani. Vumbi hilo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikali, kwa hiyo madirisha yafunguliwe na anayechuma ajifunge kitambaa puani.