Daftari la Deni na Daftari la Nafsi

Kila mwaka, kabla wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho hawajaanza kutarmaki wakitafuta kazi, tunawafanyia mahojiano ya mazoezi. Swali la kwanza halibadiliki: "Hebu jieleze kidogo." Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, na jibu nalijua kabla halijatoka. Jina, tena majina yote matatu. Nyumbani ni kaunti gani. Mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Shule ya msingi, ya upili, gredi ya mtihani wa KCSE. Kisha kimya. Nikisema, "Hayo yote ninayo kwenye karatasi hii, sasa niambie wewe ni nani," wengine hucheka, wengine hutazama mlango. Kijana mmoja wa uhandisi, mwerevu kupindukia, alinijibu kwa upole: "Sijui, mwalimu. Sijawahi kuulizwa."

Alisema kweli. Nairobi hutuuliza mengi kutuhusu, lakini yote ya juujuu. Askari wa getini anataka jina, nambari ya kitambulisho na ya simu. Mwenye ploti anataka kujua unafanya kazi wapi. Na yule anayekuuliza "nyumbani ni wapi?" mara nyingi anatafuta kabila lako kwa adabu. Mtu hufikisha miaka 25 akiwa amejaza fomu zisizo na idadi, na hakuna hata moja iliyomuuliza anaogopa nini.

Mimi ni mshauri nasaha katika chuo kimoja hapa jijini. Ninayoyaandika yametoka katika kazi hiyo, na visa vya watu nimevichanganya na kuvibadilisha ili mwenyewe akivisoma asijione.

Kujijua na kujithamini si kitu kimoja. Kujijua ni kufahamu unachokipenda, kinachokukasirisha, na unachokifanya mtu asipokuona. Kujithamini ni hukumu inayofuata: je, huyu mtu ninayemjua anatosha? Neno "kutosha" nimelichagua kusudi. Mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, ambaye kipimo chake cha kauli 10 cha mwaka 1965 kinatumika hadi leo, alisisitiza kwamba kujithamini si kujiona bora kuliko wenzako. Ni kujiona unatosha. Anayejiona bora tuna neno lake tayari, maringo, na wengi wenye maringo niliokutana nao ofisini walikuwa wakijidharau kwa siri.

Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James aliliweka jambo hili kama hesabu: kujithamini ni mafanikio yako ukiyagawanya kwa matarajio yako. Kwa hiyo unaweza kuongeza kilicho juu ya mstari au kupunguza kilicho chini. Shida yetu ni kwamba kilicho chini hatukipangi sisi. Unaamka mtaani Umoja saa kumi na moja alfajiri, hujanawa uso, na simu imeshakuonyesha mwenzako wa darasa akiwa Dubai na mwingine akikabidhiwa ufunguo wa gari. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa watu wanaofanana naye. Ndiyo sababu tajiri wa Runda hakukoseshi usingizi. Anayekukosesha ni yule mliyeazimana soksi bwenini.

Sasa tuje kwenye daftari la deni. Simama kwenye kibanda chochote mtaani utaliona, limefungwa kwa kamba karibu na mizani: Mama fulani, unga, 120. Baba fulani, maziwa, 60. Chukulia kwamba mwenye kibanda haandiki kitu kingine, si mauzo, si waliolipa, si faida ya wiki. Jioni akilifungua ataamini amefilisika, hata kama kopo lililo chini ya meza limejaa. Wengi wanaokuja kwetu wanalo daftari la namna hiyo kichwani. Dada mmoja alikumbuka neno kwa neno jinsi mwalimu wa darasa la sita alivyomwambia mbele ya wenzake kwamba hatafika popote. Ilichukua vikao vitatu kabla hajataja, tena kwa kupitia tu, kwamba yeye ndiye aliyelala hospitalini na nyanya yake wiki mbili huku akifanya mitihani. Hilo hakuwa ameliandika popote.

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Anayejitukana mwenyewe hulichagua, na kwa ustadi, kwa maana anajua panapouma.

Dawa inayouzwa sana siku hizi ni ya kioo: simama asubuhi, jitazame, jiambie wewe ni wa thamani, wewe ni mshindi. Siidharau, lakini ina walakini. Mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliwapima watu waliorudia kauli ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walinufaika kidogo. Waliokuwa wakijidharau, yaani wale hasa waliokusudiwa dawa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Sidhani hilo ni la kushangaza. Ukiiambia nafsi jambo isiloliamini, inakujibu papo hapo kwa kukuletea orodha ya ushahidi wa kinyume. Na orodha unayo, umeiandika miaka.

Kwa hiyo sisi hatuwaambii watu wajisifu. Tunawaomba wajihesabu.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana. Mtu anayetafakari na mtu anayecheua wote wamekaa kimya wakitazama dari. Kucheua ni kazi ya ng'ombe: anarudisha mdomoni alichokwisha kukimeza na kukitafuna upya. Ng'ombe hufaidika. Binadamu akicheua mawazo hafaidiki. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kuizungukazunguka huzuni yako bila kutoka huirefusha na kuizidisha. Swali la kucheua ni "Kwa nini kila mara mimi?" Halina jibu, na nadhani ndiyo sababu haliishi utamu. Swali la kutafakari lina siku na mahali: Jumanne kwenye kikao, nilikuwa nataka kusema nini, na nilinyamaza alipoingia nani? Kipimo chetu ofisini ni rahisi. Ukikaa dakika 15 ukainuka bila kuwa na hata jambo moja ambalo hukulijua ulipokaa, ulikuwa unacheua. Acha. Osha vyombo, tembea hadi stegi, mpigie mtu simu.

Kuandika husaidia kwa sababu kalamu ni nzito kuliko wazo. Haiwezi kuzunguka mara mia kwa dakika. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika kuhusu mambo madogomadogo, wengine kuhusu yaliyowaumiza zaidi maishani. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hizo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Utafiti mwingi umefuata tangu hapo, na kwa jumla faida imeonekana kuwa ipo ingawa ni ndogo. Baadaye Pennebaker aliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku zilivyosonga maandishi yao yaliongezeka maneno ya kama "kwa sababu" na "sasa naona". Hadithi yao ilikuwa inasogea.

Andika kwa lugha gani? Hili huulizwa na Wanairobi tu, na ni swali zuri. Nimeona wanafunzi wakiandika kuhusu nafsi zao kwa Kiingereza na ukurasa mzima ukatoka kama barua ya kuomba kazi. Kijana wa uhandisi niliyemtaja alikuwa hivyo. Nikamwambia aandike kwa lugha anayoitumia akigombana. Wiki iliyofuata alileta kurasa nne za Sheng iliyochanganyika na lugha ya mama yake, nami nikalazimika kumuuliza maana ya maneno mengine. Kwa mara ya kwanza alikuwamo ndani ya maandishi yake.

Cha kuandika kisikutishe. Chukua tukio moja la leo. Andika kilichotokea kama shahidi mahakamani, bila kuhukumu. Kisha andika ulichohisi, na hapa usiridhike na "nilijisikia vibaya". Je, ilikuwa aibu? Wivu? Uchovu? Kuvunjika moyo? Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa haya, yatumie. Halafu andika ukurasa ule ambao daftari la deni halina: ulichokilipa leo. Ulimpisha mama mwenye mtoto kwenye matatu. Ulimaliza kazi uliyokuwa ukiikwepa tangu Jumatatu. Ulikaa kimya mahali ambapo mwaka jana ungetukana. Iwe kitu chenye saa na mahali, si sifa ya jumla, kwa sababu sifa ya jumla nafsi itaibisha, lakini tukio lililotokea haiwezi kulikana.

Kuna ushahidi mwingine ambao uko mfukoni mwako. Fungua jumbe za M-Pesa za mwezi uliopita. Sote tuna majibu mazuri tukiulizwa tunathamini nini. Jumbe zile hazina adabu hiyo. Nani alitumiwa pesa bila kuomba? Kiasi gani kilikwenda kwenye kamari? Mchango wa chama cha akiba ulilipwa kwa wakati? Mama mmoja aliyeniambia yeye ni mbinafsi na hana faida kwa mtu aligundua kwamba kwa mwaka mzima hakukosa hata mwezi mmoja kumtumia ndugu yake karo. Wengine wamegundua yasiyopendeza. Hayo pia ni kujijua.

Kuhusu usiri: chumba kimoja chenye watu wanne hakina droo ya siri. Ukiogopa daftari litasomwa, andika kisha uchane, faida nyingi iko katika kuandika, si katika kuhifadhi. Ila chana vizuri. Katika mji huu karatasi za daftari hufungia njugu, na sipendi ukute siri yako mkononi mwa abiria wa Githurai. Kama unatafuta mahali pa kukaa peke yako, viti vya bustani ya Jeevanjee havilipishwi, na pale Arboretum, bustani ya miti palipoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za garimoshi, ada ni ndogo na kelele za mji hupungua.

Lakini peke yako utafika mahali ukome. Nyani haoni kundule, na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliichora methali hiyo mwaka 1955 bila kuijua. Waliiita dirisha la Johari. Usidhani waliazima kwetu neno la vito. Waliunganisha tu Joe na Harry, majina yao ya kifupi. Dirisha lina vioo vinne: unachokijua nawe na wenzako wanakijua, unachokijua peke yako, wanachokijua wao nawe hukioni, na kile ambacho hakuna anayekijua bado. Kioo cha tatu hakifunguki kwa kutafakari. Lazima uulize. Chagua mtu asiyekudai, asiyekuogopa na asiyetaka kukuuzia kitu. Usimuulize "Mimi ni mtu wa aina gani?", utapata jibu la heshima tu. Muulize, "Ni lini uliniona nikifanya jambo ukasema huyu anaweza?" na siku nyingine, akishazoea, "Ni tabia gani yangu inakuchosha?" Kisha usijitetee. Sikiliza, shukuru, nenda ukaandike.

Sitaki kukuuzia dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba kujithamini peke yake hakupandishi alama za shuleni. Mara nyingi mafanikio ndiyo hutangulia. Na kijana aliyetuma maombi ya kazi hamsini bila kujibiwa, tatizo lake si kukosa kujiamini. Tatizo ni kwamba kazi hakuna. Anayemwambia ajipende zaidi anamtwisha deni lisilo lake.

Tena kuna hali ambayo daftari haliitoshi. Ukipita wiki mbili bila usingizi au bila hamu ya chochote, ukianza kufikiri kwamba watu wako wangekuwa salama zaidi bila wewe, weka kalamu chini. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na kwa watoto ipo 116. Hospitali ya Mathari iko kwenye barabara ya Thika, na si ya "wendawazimu" kama tulivyotishwa utotoni. Watu hutibiwa pale na kurudi kazini. Ukipiga simu, hutatakiwa kujieleza vizuri. "Silali, na sijui nianzie wapi" inatosha.