Je, wajua? Kwa nini unyayo bapa hupata upinde mtu akichuchumia

Mtoto ana miaka minne. Alikuwa ametoka kuoga, miguu bado inachuruzika maji, na kila alipokanyaga sakafu ya saruji aliacha alama pana, nzima, isiyo na pengo lolote upande wa ndani. Bibi yake, ambaye anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, akanionyesha zile alama kwa kidole.

"Mwanangu, hebu tazama. Nyayo zimelala kama chapati. Wenzangu sokoni wanasema nimtafutie viatu vya kunyooshea mapema, la sivyo atapata shida ya kutembea."

Kabla sijamjibu, mtoto akaona kikombe cha uji juu ya meza, akachuchumia kukifikia. Visigino vilipopanda, unyayo uleule uliokuwa bapa ukajikunja, pakatokea upinde unaoonekana wazi. Aliposhusha visigino, upinde ukapotea. Bibi akamwambia achuchumie tena, akainama kuangalia kwa karibu.

Kinachotokea pale ni hiki. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu una mifupa 26, na ile ya katikati imepangana kwa mkunjo unaoelekea juu. Hakuna kilichoigandisha. Inashikwa na kano fupi zinazounga mfupa kwa mfupa, na kano moja ndefu inayoshuka kutoka ndani ya muundi, ikapita nyuma ya kifundo upande wa ndani na kujishika chini ya unyayo. Halafu kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi mwanzo wa vidole. Huo utando ndio ugwe wa upinde. Mtu akichuchumia, vidole vinabaki sakafuni huku kisigino kikipanda, kwa hiyo vinakunjika na kuuvuta ugwe. Ugwe ukikazika, ncha mbili za upinde hukaribiana na katikati hunyanyuka, sawasawa na upinde wa mshale. Daktari J. H. Hicks wa Uingereza aliueleza mwendo huu mwaka 1954. Wakati huohuo ile kano ndefu inakivuta kisigino kiingie ndani kidogo.

Kwa hiyo mtoto ambaye upinde wake unarudi akichuchumia, mifupa yake inacheza vizuri na kano zake zinavuta. Kilichopo ni ulegevu, na ulegevu kwa umri huo ni kawaida. Karibu kila mtoto mchanga ana unyayo bapa, kwa sababu chini kuna mafuta na viungo ni laini. Upinde hujijenga polepole hadi kwenye miaka 10 hivi. Wapo ambao haujengeki kabisa, na bado wanacheza mpira, wanabeba mizigo na kupanda mawe ya Mabatini maisha yao yote bila maumivu. Hao si wagonjwa.

Na vile viatu vya kunyooshea? Mwaka 1989 Dennis Wenger na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ulioanza na watoto 129, ambapo 98 waliukamilisha, na waliotibiwa walitibiwa kwa miaka isiyopungua mitatu. Wengine walivaa viatu maalumu au soli za kuinua unyayo, wengine walivaa viatu vya kawaida. Nyayo zao zilizidi kupata upinde, waliovaa na wasiovaa, bila tofauti ya maana. Uchunguzi mwingine, wa India mwaka 1992, uliangalia watoto 2,300. Waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Waliozoea kutembea peku, asilimia 2.8. Takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba kiatu ndicho chenye kosa, lakini zinanitosha kumwambia bibi aihifadhi hela yake.

Mtoto acheze peku uani na ndani, palipofagiliwa. Ufukweni, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, hapana, maana kichocho huingilia kwenye ngozi na ziwa letu, Victoria, linacho. Na kama ni kiatu cha mtumba cha soko la Mlango Mmoja, geuza kiatu uangalie kisigino kwanza. Kikiwa kimelika sana upande mmoja, kiache. Kimeshachukua mkao wa mguu wa mtu mwingine.

Kuna nyayo bapa ambazo ningezipeleka hospitali bila kungoja: ile ambayo hata mtoto akichuchumia haijikunji, inayouma, au iliyo bapa mguu mmoja tu. Unyayo mgumu wa namna hiyo kwa kijana huweza kutokana na mifupa miwili iliyoungana isivyotakiwa. Mtoto aliyezaliwa unyayo umegeukia ndani ni habari nyingine kabisa. Huyo apelekwe wiki za mwanzo, kwa sababu njia ya Ponseti, ya kubadilisha plasta ngumu kila wiki, hufanya kazi vizuri zaidi akianza mapema.

Mwenye kisukari naye asikae nyumbani na mguu uliovimba, wenye joto na unaobadilika umbo, hata kama hauumi. Ganzi ndiyo inayoficha maumivu, na mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani. Asiukanyage, aende siku hiyohiyo.

Nilipofika hapo nikamwomba bibi naye ajaribu. Akashika mwimo wa mlango, akasimama kwa mguu wa kulia, kisigino kikapanda. Wa kushoto ukakataa. Alijaribu mara tatu, kisigino hakikuachana na sakafu. Nikasogea nyuma yake: kisigino cha kushoto kimelalia nje, na vidole vitatu vinachungulia pembeni, wakati kulia nilikiona kimoja tu. Nyuma ya kifundo, upande wa ndani, palikuwa pamevimba. "Hapo pananiuma tangu msimu wa mvua," alisema. "Nilidhani ni baridi yabisi."

Dalili hizo ni za ile kano ndefu kuchoka na kulegea. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, hasa wenye uzito mkubwa, shinikizo la damu au kisukari. Ikiwahiwa, mara nyingi hutulizwa kwa kupumzisha mguu, soli ya kuinua upande wa ndani, kupunguza uzito, na mazoezi ya kunyanyua visigino polepole chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Ikiachwa, unyayo hukakamaa ukiwa bapa, na hapo baadhi huishia kwenye upasuaji.

Jumatatu iliyofuata alimwachia binti yake meza ya dagaa, akapanda kilima cha Bugando kwa bajaji hadi hospitali. Mjukuu alibaki nyumbani, peku, akichuchumia kila alipotaka kitu mezani.