Ati siku 21 na tabia ishabadilika?

Ukikaa pale uwanja wa Mkunguni hapa Lamu ukisema tu unataka kuanza mazoezi ama kuacha kitu, lazima atokee mmoja akwambie vumilia siku 21 tu, ishaingia kwa damu hiyo. Jamani. Hii maneno ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa kurekebisha sura, aliandika 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua kama siku 21 kwa uchache ndio waizoee sura mpya. Kwa uchache! Na alikuwa anaongelea mapua, si mazoezi.

Waliopima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, watu 96, wiki 12, kila mtu kachagua kitu kimoja kidogo mfano kunywa maji na chakula cha mchana. Matokeo yakatoka 2009: wa katikati alihitaji siku 66, kuna wa 18, na kuna wa 254, ingawa huyu wa mwisho ni makadirio manake utafiti wenyewe ulikuwa ushaisha.

Na hapa Lamu mbona twaona kila mwaka. Ramadhani nzima mtu hagusi sigara mchana, siku 29 ama 30, hizo 21 zishapita zamani, alafu Idd akitoka tu kuswali huyo ashawasha. Si imani ndogo. Kilichomshika ni vile mji wote umefunga, hakuna wa kumpa moto, na usiku baada ya futari alikuwa akivuta kama kawaida kwa hivyo nikotini haikumtoka. Mfungo ukiisha kahawa chungu yarudi baraza ile ile, wenzake wale wale, saa ile ile, mkono waenda wenyewe. Tabia imeshikana na mahali na saa na watu, kuhesabu kalenda peke yake hakuibandui, heri ubadilishe hata baraza ya kukaa.

Eti ukikosa siku moja umerudi mwanzo? La, watu wa Lally walikosa siku moja moja na haikuwaharibia kitu.

Wengine wataka kishindo, kesho naenda mpaka kijiji cha Shela na kurudi kwa miguu kila siku, wiki ya pili magoti yauma na viatu viko uvunguni. Ndogo si uvivu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha ukipanga kabisa saa gani na wapi wafanya kuliko ukisema tu "ntajaribu", kwa hivyo sema nikishaswali alasiri natembea mpaka jeti narudi, basi, Shela itakuja.

Lakini pia si kila kitu ni kidogo kidogo, na hapa ndio wengi hukasirika. Utafiti wa Uingereza wa 2016, wavutaji 697, wote walipewa nikotini ya kubandika: baada ya wiki 4 waliokata ghafla kwa siku moja asilimia 49 walikuwa bado hawajavuta, waliopunguza taratibu ni 39. Sigara basi weka siku, ukate. Sukari ya chai ndiyo ya kupunguza nusu kijiko nusu kijiko, ulimi huzoea, ila anayepika chai nyumbani mwambie mapema manake akikuongezea kwa mapenzi hapo huna ujanja.