Jinsi ya kuisoma ripoti ya mwaka ya maktaba

Ripoti ya mwaka ya maktaba ya umma ikitoka, macho yote hukimbilia tarakimu moja: vitabu vilivyoazimwa. Ikipanda, pongezi. Ikishuka, watu huanza kuulizana kama maktaba bado ina kazi. Mimi ni mkutubi, kuandaa takwimu hizi ni sehemu ya ajira yangu, na hiyo ndiyo tarakimu ninayoiamini kidogo kuliko zote. Sisemi inaghushiwa. Nasema inategemea mno mambo yasiyohusiana na kusoma.

Chukua suala la kuongeza muda. Tarehe ya kurudisha ikifika na hakuna mwingine anayekingoja kitabu, mifumo mingi ya kompyuta humwongezea msomaji muda yenyewe. Kila nyongeza ikihesabiwa kuwa uazimishaji mpya, kitabu kilichosahaulika uvunguni mwa kitanda kitaonekana kimeazimwa mara 3. Kinyume chake, maktaba ikirefusha muda wa kuazima kutoka wiki 2 hadi 4, hesabu hushuka ingawa watu wanasoma vilevile. Halafu kuna watoto: mzazi hutoka na vitabu 10 vya picha kwa mkupuo, na vyote vimekwisha kabla ya wiki kuisha. Mwenye riwaya ya kurasa 600 anahesabiwa 1.

Kinachosomwa humohumo ndani ndicho kinachopotea zaidi. Mwanafunzi anayejifungia na vitabu vya marejeo tangu asubuhi haonekani popote kwenye uazimishaji. Ndiyo maana utakuta tangazo mezani: tafadhali usirudishe kitabu rafuni, kiache hapa. Wengi hudhani tunaogopa kuvurugiwa mpangilio, na ni kweli, tunaogopa. Lakini pia kila kitabu kilichoachwa mezani hupitishwa kwenye kisomeo cha kompyuta na kuandikwa kuwa kimetumika ndani kabla hakijarudi mahali pake. Msomaji mstaarabu anayekirudisha mwenyewe anatunyima ushahidi kwamba alikuja.

Idadi ya waliofika nayo ina vituko vyake. Kihesabio cha mlangoni kwa kawaida ni mwale wa mwanga unaokatwa kila mtu anapopita, awe anaingia au anatoka, kwa hiyo mwishoni tunagawanya kwa 2. Mwale haujui kumtofautisha msomaji na mfanyakazi anayetoka kupiga simu, wala mtoto aliyegundua kwamba akipunga mkono pale taa inawaka.

Maswali ya dawati la marejeo hayahesabiwi mwaka mzima, maana hakuna atakayeweza. Tunachagua wiki ya kawaida isiyo na sikukuu, tunaweka karatasi mezani, kila swali tunalichorea mkwaju mmoja, kisha tunakadiria ya mwaka kwa kuzidisha. Kuna kiwango cha kimataifa cha takwimu za maktaba, ISO 2789, kinachosaidia nchi na nchi zihesabu kwa namna inayolingana. "Choo kiko wapi?" si swali la marejeo, halipati mkwaju. Lakini anayeuliza namba ya rafu ya vitabu vya kilimo anapata mkwaju 1, na aliyefukuzwa kazi, ambaye tumekaa naye karibu saa nzima tukitafuta sheria inasemaje na fomu ya kukata rufaa inapatikana wapi, anapata mkwaju 1 vilevile. Maswali ya aina hii ya pili yanazidi, kwa kuwa huduma nyingi zimehamia mtandaoni na asiye na kompyuta hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo jumla ya maswali inaweza kushuka mwaka ambao wafanyakazi wamechoka kuliko wakati wowote.

Sehemu ya programu ndiyo inayopendwa na wapiga picha. Saa ya hadithi ya watoto wachanga huandikwa "mahudhurio ya watoto", ingawa mlengwa mkuu ni mzazi. Mtoto wa miezi 8 hafuati kisa. Anafuata sauti, makofi na kidole kinachoonyesha picha. Mzazi ndiye anayejifunza kwamba inaruhusiwa kusimama katikati ya ukurasa, kuuliza, kurudia, na kumwacha mtoto atafune pembe ya kitabu cha karatasi ngumu. Kitakachofanyika nyumbani baada ya hapo hakuna safu ya kukiandika.

Programu za kusoma wakati wa likizo zina tatizo jingine. Zawadi ikitolewa kwa idadi ya vitabu, watoto werevu hukimbilia vijitabu vyembamba, na mpenzi wa vitabu vinene anashindwa. Mimi hupendelea kuhesabu muda wa kusoma. Takwimu zake hazing'ari, ila hazimwadhibu mtoto kwa kuchagua vizuri. Kwa watu wazima, mhadhara uliojaza ukumbi utapata aya nzima na picha, na darasa la kompyuta la watu 6 litapata mstari. Ningeombwa kufuta kimoja, ningefuta mhadhara.

Huduma za nje ya jengo, yaani gari la maktaba, vitabu vinavyopelekwa hospitalini, magerezani na kwa wasioweza kutoka nyumbani, huonekana ghali sana ukigawa gharama kwa kila kitabu kilichoazimwa. Bajeti ikibana, ndizo hukatwa kwanza. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO, iliyotolewa mwaka 1949 na kupitiwa upya mara ya mwisho mwaka 2022, inawataja watu hawa waziwazi miongoni mwa wanaostahili huduma maalumu. Kumpima mfungwa kwa kipimo cha msomaji wa mjini ni kuihesabu huduma kwa mizani isiyo yake.

Mapato ya faini ni mstari ninaofurahi unapotoweka. Maktaba ya umma ya Chicago iliacha kutoza faini za kuchelewesha Oktoba 2019, na ile ya New York ikafuata Oktoba 2021. Faini haiwasumbui wenye uwezo. Wao hulipa wakaendelea na safari. Asiye nacho hukiacha kitabu nyumbani na harudi tena, na maktaba inapoteza vyote viwili.

Mstari wa vitabu vya kidijitali usomeni kwa uangalifu. Maktaba hukuta mara nyingi kwamba imenunua leseni tu, yenye kikomo cha muda au cha idadi ya mikopo, yaani mara ambazo kitabu kinaweza kuazimwa. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliweka kikomo cha mikopo 26 kwa kila nakala. Ya 27 inahitaji malipo mapya. Kwa hiyo "mkusanyo wa kidijitali" unaweza kupungua pasipo mtu yeyote kufuta kitu.

Vitabu vilivyoondolewa rafuni hushtua watu kila mwaka. Visiwashtue. Mwongozo wa dawa uliopitwa na wakati ni hatari, na rafu iliyosongamana humficha msomaji kitabu kizuri. Cha kuuliza ni kama vilivyoingia vinafidia vilivyotoka.

Mimi mwenyewe huanza na mstari mdogo unaowekwa karibu na mwisho: saa za kufunguliwa, hasa za jioni na za mwisho wa wiki. Zikipunguzwa, anayetoka kazini hukuta mlango umefungwa, na mwanafunzi vilevile. Ripoti ya mwaka unaofuata itaonyesha uazimishaji umeshuka, na mtu atasimama kikaoni aseme watu hawasomi siku hizi, kwa hiyo saa zipunguzwe tena.