Jina la mtoto katika nyumba ya lugha mbili: liandikeni kabla ya kufika komini

Mwezi wa tisa ukikaribia, wazazi hujaa mbele ya ofisi za etasivili za Lubumbashi, zinazoandikisha watoto wanaozaliwa, na malalamiko ni yale yale. Buletini ya shule imeandikwa Mwamba, karte ya mchaguzi ya baba inasema Muamba, cheti cha kuzaliwa kina herufi nyingine tena. Wengi hutuambia sisi wa ofisi, "Ninyi ndio mnaharibu majina yetu." Makosa ya ofisi yapo, hatuyakatai. Lakini mara nyingi jina lilitamkwa tu dirishani bila kuandikwa popote, na mwandishi akalisikia kwa sikio la lugha ya nyumbani kwake.

Tangu mji huu uanzishwe 1910, migodi ya shaba imeleta watu kutoka kila upande. Komini za mji, yaani tarafa zake, kama Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, zimejaa nyumba ambamo baba anasema Tshiluba, mama anasema Kibemba, na watoto wanajibu kwa Kiswahili. Kila lugha ina desturi yake ya kuandika. Sauti moja, familia ya Kasai huiandika Tshi au Ci, familia ya Kibemba huiandika Chi. Ngoy, Ngoie na Ngoyi nyumbani ni jina moja. Kwenye faili ni watu watatu.

Angalieni majina ya mapacha. Kwa Waluba wa Katanga, mapacha ni Kyungu na Kabange. Kwa Waluba wa Kasai, ni Mbuyi na Kabanga. Mwandishi aliyekulia kwa Wakasai anasikia "Kabange", anadhani mzazi ameteleza ulimi, anaandika Kabanga kwa nia njema kabisa. Mzazi anatia sahihi bila kusoma. Miaka kumi na nane baadaye kijana anajiandikisha kwa Mtihani wa Serikali, na hapo ndipo herufi moja inaanza kumsumbua.

Kwa hiyo jina liandikwe nyumbani, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi safi, baba na mama wakiwa wameshakubaliana. Chukueni kama mfano karatasi ya mzazi au ya ndugu mwenye jina hilo hilo, msitegemee kumbukumbu. Andikeni kwa mpangilio wa fomu: nom (jina), postnom (jina linalofuata), prénom (jina kama lile la ubatizo). Mpangilio huo si pambo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema sehemu za jina na mfuatano wake havibadilishwi ovyo. Mtoto aliyeandikwa Kabwe Mwansa si Mwansa Kabwe. Chukueni pia cheti cha materniti (wodi ya uzazi) na karte za wazazi wote wawili. Hata hicho cha materniti kisomeni kabla ya kutoka hospitalini, kwa sababu kosa nyingi zinaanzia pale na ofisi inazinakili tu.

Siku za kuandikisha mtoto ni 90, zinahesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, si tangu mama arudi nyumbani. Ndani ya muda huo kuandikisha ni bure kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009. Hakuna pesa ya kalamu wala ya karatasi. Siku 90 zikipita, ofisi haina tena uwezo wa kuandika yenyewe: lazima muende tribinali (mahakama) ya watoto mpate hukumu ya kujaza pengo la cheti, ndipo mrudi nayo komini iandikwe kitabuni.

Kabla ya kutia sahihi, mnayo haki ya kusomewa cheti na kukisoma wenyewe. Fomu ni ya Kifaransa. Asiyekijua aombe aelezwe kwa Kiswahili. Fuateni jina herufi kwa herufi, mkilinganisha na karatasi yenu. Wakati huo kosa linasahihishwa papo hapo. Baada ya sahihi, hata herufi moja inahitaji ruhusa ya tribinali: ya watoto kwa aliye chini ya miaka 18, ya amani kwa mtu mzima, na lazima uonyeshe sababu ya haki. Anayechukua bik na kugeuza "u" kuwa "w" ili shule impokee mtoto anajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kughushi, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5.

Bado tunaambiwa kwamba Serikali inataka majina ya Kifaransa. Sheria inasema kinyume: jina litoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo, lisiwe la matusi wala la kudhalilisha. Prénom ya Kikristo, iliyokatazwa 1972, ilirudi 1990, lakini haijawahi kuchukua nafasi ya jina.

Wapo pia wazazi wanaoondoa Tshi au kuficha lugha yao dirishani. Waliokuwa Katanga 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa, wanajua hofu hiyo ilitoka wapi, na hatuidharau. Lakini Katiba, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa kabila lake au kwa kuwa wa kundi dogo la lugha. Sheria ya 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila inampa anayeonyesha chuki ya kikabila kwa maneno au ishara kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Akiwa mtumishi wa dola kazini, kifungo si chini ya miezi 6. Ukitukanwa dirishani kwa ajili ya jina au lugha, andika tarehe, saa, namba ya dirisha na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, hata kama ni ya kilugha, pamoja na majina ya walioyasikia. Peleka barua kwa burugumesta, mkuu wa komini, na nakala kwa parketi, ofisi ya waendesha mashtaka. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila muhuri huo huna cha kuonyesha kwamba barua ilifika.